Fraizi za rulema zenye banauzisha Goma: zenye nimechukua na zenye nimeachia mwenye duka

Mutu akisha kununua defonsezi, ile mashini ya mukono yenye bandugu ba Kenya na Tanzania banaita ruta, swali ya pili inakuyaka palepale: ninunue kofre gani ya fraizi, vile vyuma vya meno vyenye mashini inazungusha ili vikate mbao? Jibu yangu inaudhi batu juu siangalie kofre, siangalie rangi, hata meno siyo kitu ya kwanza yenye naangalia. Naangalia rulema. Ile beringi kadogo yenye inazunguka ku ncha ya fraizi ao ku mukia yake njo inaamua kama kazi itafuata gabari, ule mufano wenye unaufuata wakati unakata, ao itatoka na mawimbi. Meno mubaya utaijua saa ileile, mbao inaungua, moshi inapanda, unatupa. Rulema mubaya inaharibu kazi polepole na wewe unaendelea kulaumu mukono yako.

Atelie yetu iko upande ya Ndosho. Tunatosha milango, bitanda, makabati ya jikoni, mara moja moja vitrini ya milango ya kioo kwa kliya yenye anajenga nyumba ya nguvu. Mbao ni libuyu kama kuko dola, ekaliptusi kama hakuna, na MDF, ile ubao ya unga wa mbao, kwa makabati. Nasema hii mapema juu fraizi yenye inapita vizuri mu MDF siyo lazima ipite vizuri mu libuyu, na mutu anaweza kusifu fraizi moja siku nzima kumbe hajawahi kuipeleka ku mbao yenye nyuzi zinapishana.

Kwa wenye banaanza tu: fraizi ya rulema haiombe gidi ya pembeni. Rulema inaegemea ku gabari, meno inakula mbao mpaka inafika sawasawa na gabari, kisha haiendelee tena. Ukitengeneza gabari moja safi ya muguu wa meza, mu MDF ya milimita 12, utatosha miguu yote yenye unataka na hakuna mutu atajua ya kwanza ni gani. Rulema ikiwa ku ncha, gabari inakaa chini ya mbao. Ikiwa ku mukia, karibu na mashini, gabari inakaa juu na unaiona wakati unatumika. Bile tu. Lakini hii tofauti njo inabeba mambo yote yenye inafuata, tutarudi pale.

Mbele ya rulema kuko mukia, ile sehemu ya fraizi yenye inaingia mu mashini, juu pale njo pesa ya bafundi mingi inakufia. Mu maduka ya hapa utakuta mikia ya milimita 6, ya robo inchi yenye ni 6,35, ya milimita 8, ya milimita 12 na ya nusu inchi yenye ni 12,7. Kwa macho, 6 na 6,35 ni kitu kimoja, na muuzaji anazichanganya mu sanduku moja bila ubaya. Ya 6,35 haingie mu pensi ya 6, ile sehemu ya mashini yenye inashika mukia, hapo una bahati, unarudisha. Mubaya ni ya 6 mu pensi ya 6,35: inaingia, unakaza na kle mpaka jasho, unaona kama imeshika, kisha unawasha na inaanza kushuka yenyewe ndani ya mbao, shimo inaongezeka na wewe hujagusa kitu, ao inatoka kabisa. Vilevile 12 mu pensi ya 12,7. Muuzaji atakuambia "Papa, zungusha karatasi kidogo, inashika." Hapana, usizungushe karatasi. Kitu yenye inazunguka mara 20.000 na zaidi kwa dakika haishikiwe na karatasi.

Basi toa pensi ya mashini yako, isome, kisha njo uende sokoni. Makita 3709, ile kadogo ya wati 530, iko na pensi ya 6 ao ya robo inchi kulingana na nchi yenye ilitengenezewa, na hapa Goma zinaingia kutoka kila upande, kwa hiyo jirani yako anaweza kuwa na 3709 sawa na yako na fraizi zake zisiingie mu yako. Bosch POF 1200 AE ni rahisi zaidi kwa hiyo mambo, inakuyaka na pensi ya 6, ya 8 na ya robo inchi. Mimi kwa fraizi za rulema nilichagua 8 kila mara yenye naweza. Mukia ya 8 haipindike kama ya 6 wakati unaingia mu mbao ngumu, na Ulaya ya bara 8 njo ya kawaida, kwa hiyo ndugu yenye anarudi likizo kutoka Ubelgiji anaweza kukuletea moja mu soksi.

Sasa kofre. Ile ya sanduku ya mbao, kifuniko ya plastiki, fraizi 12 ao 15 zimepakwa rangi nyekundu, bulu ao machungwa, utaikuta Birere mu kenkayeri, duka za vyuma, karibu kila moja, na bei ni kati ya dola 20 na 35 kulingana na mukia na kulingana na sura yako. Ndani ya 15, zenye rulema huwa sita ao saba: ya kuviringa kona, ya shanfreni yenye inalaza kona, ya kufanya kona ya ndani ya duara, ya mapambo, ya kusawazisha, ya feyiri, ile ngazi yenye inakatwa ku ukingo wa mbao. Ingine ni za kunyooka, mukia ya mbayuwayu, na zile za V zenye utatumikisha siku ya kuandika jina ya kliya ku mulango.

Hukumu yangu ku kofre siyo ile ya "usinunue kamwe" yenye unasomaka. Fraizi ya kuviringa kona na ya shanfreni zenye ziko ndani zinafaa, nasema hivyo bila haya. Kwa nini? Juu pale rulema ikikosea sehemu ya milimita, kona inaviringika kidogo zaidi ao kidogo kupunguka, na hakuna jicho itaona. Lakini fraizi ya kusawazisha na ya feyiri, zile zinaishi na kipimo, na pale njo kofre nyingi zinaanguka. Mu kofre moja, jina naacha, rulema ilikuwa 12,7 kamili na meno 12,3. Gawa mara mbili: milimita 0,2 yenye inabakia kila upande, kazi inatoka nene kuliko gabari. Hii bado unaokoa na papye vere. Ile yenye siokoe ni kinyume yake, meno kubwa kuliko rulema: mbao inakatika ndogo kuliko gabari, na papye vere hairudishake mbao.

Kupima ku duka haiombe muda. Naenda na kalipa mu mufuko na rula kadogo ya chuma. Rula naiegemeza ku rulema na ku jino pamoja, nainua mbele ya mwangaza, nageuza fraizi polepole mpaka jino inafika mahali inatokea zaidi. Mwangaza ikipita ku jino, jino ni fupi. Rula ikicheza juu ya jino na kuacha rulema, jino inazidi. Kisha jino ya pili, vilevile, juu kuna fraizi zenye jino moja inakata na ingine inasindikiza tu. Nyuma ya pale naizungusha rulema na ncha ya kidole. Muuzaji mudogo wa pale alifurahi sana kunionyesha yenye inazunguka muda mrefu, "Muzee, ona, haisimame!" na mimi hiyo njo niliacha. Rulema mupya yenye iko na grisi inazunguka na uzito kidogo na inasimama bila sauti. Yenye inazunguka kama pia ya mutoto ni kavu, mu libuyu itapata moto mbele ya saa sita. Na yenye unasikia muchanga ndani, hiyo hata bure usichukue.

Angalia pia kama rulema inafungwa na visi yenye kle aleni inaingia. Fraizi zenye bei ya chini kabisa hazina rulema, ziko na ncha tu ya chuma yenye inazunguka pamoja na meno na kusugua gabari kwa nguvu. Ile inachoma gabari, inaacha mustari mweusi ku mbao, na ukisimama kidogo mahali pamoja inachimba. Bado kuko batu banaiuza kama fraizi ya rulema.

Na meno sasa. Jino ya karbire inashikizwa ku chuma na shaba ya kuchomelea, utaona mustari ya manjano ao ya feza kati yao. Ile mustari inapashwa kuwa ndembamba na bila shimo, juu jino yenye imeshika nusu itaruka, na itaruka kwa upande wenye uko macho yako. Unene ya karbire ni jambo ya pili: nyembamba kama karatasi ngumu hauwezi kuinoa, nene unaweza kuipitisha ku jiwe ya almasi mara nyingi. Lakini unanoa uso ya ndani tu, ile ya laini, siyo mugongo wenye unagusa mbao. Ukinoa mugongo umepunguza jino na rulema imebakia vile ilikuwa, basi umejitengenezea ile fraizi ya 12,3 yenye nimetoka kuongelea.

Hapa inaniuma kidogo niseme ukweli. Karbire ni tungsteni na kaboni, unga yenye inashikanishwa na kobalti. Wolframiti inachimbwa hapa kwetu Kivu, kobalti inatoka Lualaba na Haut-Katanga, Kongo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na jino inaturudilia imepakwa rangi nyekundu mu sanduku ya China na tunaibishania bei Birere. Tuendelee.

Fraizi ya gabari yenye rulema ku mukia, hii njo yenye naomba usome polepole juu njo batu bananunua vibaya zaidi. Kila mutu anataka ndefu. Meno ya milimita 25, ingine 38, wanasema itakata mbao nene. Chukua kalamu tuhesabu. Gabari yako ni 12. Rulema iko na unene ya 5, na ili iegemee vizuri unaishusha yote ndani ya gabari, basi chini yake imebakia 7 ya gabari. Fraizi ya meno 25 inamaliza zile 7 na 18 yenye inabakia yote inaingia mu mbao, mara ya kwanza tu, hauwezi kukata kidogo juu ukiinua mashini rulema inatoka juu ya gabari na haina kitu ya kuegemea. Kwa kusawazisha ukingo wenye ulishakatwa na sotezi, ule musumeno mudogo wa umeme, na umebakiza milimita mbili, sawa, itapita. Lakini ukitaka kuchimba nafasi ya pomeli, ile bawaba ya mulango, yenye kina yake ni milimita 3, utafanya nini na 18?

Fraizi fupi, meno ya 10, gabari ileile ya 12: 7 inaenda ku gabari, 3 inaingia mu mbao. Nafasi ya pomeli imekwisha. Ukitaka kuenda chini zaidi unashusha mashini kidogo kidogo, na ukisha kufika chini ya kutosha rulema inaegemea ku ukuta ya mbao yenye umetoka kukata, unatoa gabari na unaendelea. Kwa hiyo fupi inaweza kufanya kazi ya ndefu kwa kupita mara mingi, na ndefu, ku ile gabari ya 12, haiwezi kufanya kazi ya fupi hata siku moja. Mu kofre haimo. Inauzishwa moja moja, mu Goma nimeikuta mara chache, na yenye natumikisha, ya kipenyo 19 na mukia 8, ilitoka Ulaya, ilipita bei ya kofre nzima ya 12 na sijute hata franka moja. Nafasi za pomeli, za serire (kitasa), za kioo ya vitrini, yote ni ile fraizi. Ukiniuliza kitu gani ibakie kama wezi baliingia mu atelie, njo hiyo.

Jambo moja ya kuangalia ku fraizi ya rulema ya juu: rulema inashikiliwa na pete kadogo ya chuma yenye iko na visi ya kichwa ndani. Ile visi inafungukaka. Rulema inapanda ku mukia, meno inaingia mu gabari, na gabari yenye ulitengeneza asubuhi mzima imekwisha. Mwanafunzi wetu mu atelie ilimufikia ku fraizi ya rulema ya chini, visi ya ncha ilitoka, rulema iliruka na ilipotelea ndani ya takataka ya randa, na fraizi iliendelea kukata bila kujua mahali inapashwa kusimama. Tangu hapo kila visi ya rulema inapata tone ya vernisi ya kucha mbele ya kukazwa. Bei yake hakuna, na ukitaka kuifungua inafunguka bila shida.

Fraizi ya kusawazisha yenye rulema ku ncha, ile ya kawaida, naitumikisha kwa formika na kwa MDF, na pale haina mupinzani. Unagundisha formika yenye inazidi kidogo, unapitisha, ukingo umekuwa mumoja. Futa gundi ku rulema kila mara, gundi ikikauka pale rulema inakuwa kubwa na formika inabakia na midomo. Kwa mbao ya kweli sipende sana, juu ya nyuzi. Muguu wa meza wenye uko na mupindo, upande moja wa mupindo unakata ukishuka na nyuzi, upande wa pili unakata ukipanda, na ukipanda mu libuyu jino inashika na kung'oa kipande chenye hautakirudisha. Pale njo fraizi ya rulema mbili, moja juu na moja chini, inalipa bei yake: unakata sehemu yenye inashuka na rulema moja, unageuza mbao na gabari yake pamoja juu-chini, unatumikisha rulema ya pili, na ile upande wenye ulikuwa unapanda sasa unashuka. Bei ni ya juu na ni nzito, nyingi ziko na mukia ya 12 ao nusu inchi na zinaomba mashini kubwa, kwa 3709 usijaribu hata. Mafundi ba milango tu, bila mipindo, hii pesa waache mu mufuko.

Fraizi ya feyiri yenye rulema za kubadilisha, hii njo yenye nasema kila mutu anunue mbele ya kununua kofre. Fraizi ni moja, rulema ni nne ao tano mu kamufuko, na hesabu ni rahisi: kipenyo ya meno toa kipenyo ya rulema, gawa mara mbili, umepata upana ya feyiri. Meno ya 35 na rulema ya 12,7 inakupa milimita 11 na kidogo. Rulema ya 19 inakupa 8. Rulema ya 22,2 inakupa 6,4, na ile njo naweka mugongo wa kabati ya tripleksi. Weka rulema ya 35 kamili na fraizi ileile imekuwa ya kusawazisha. Nimeona mu duka moja banaiuza bila kale kamufuko, rulema moja tu, bei ileile. Uliza kamufuko.

Ya kuviringa kona iko na siri ileile: ukitia rulema kadogo zaidi, fraizi inaingia zaidi na inaacha kangazi kadogo juu ya duara, inakuwa pambo. Bakliya banapenda hii ku bitanda. Basi usilipie fraizi mbili.

Mwendo, kwa haraka. Fraizi ya chini ya milimita 25 inaweza kubeba 24.000 kwa dakika bila shida kama ni ya kuaminika, lakini ikizidi pale unapunguza, 18.000 ao chini kwa zile zinaenda mpaka 50, na ya 35 ya feyiri siipeleke zaidi ya hapo. Mashini yenye haina ki-buto cha kupunguza mwendo, kama ile 3709 yenye iko na 30.000 tu, isibebe fraizi kubwa, hata kama mukia inaingia. Soma pia mwendo wenye uliandikwa ku mukia ya fraizi. Kama hakuna kitu kiliandikwa, ni jibu tosha. Na peleka mashini kinyume na mwendo wa meno: ukingo wa inje unazunguka kinyume na saa, shimo ya ndani unazunguka sawa na saa, ukienda upande mwengine mashini itakuvuta yenyewe. Ubao ya meza unaanza na zile ncha mbili zenye nyuzi zimekatwa, kisha pande ndefu, ili kile kinang'oka ku kona kifutwe na pande ndefu.

Kuna kitu ya Goma yenye sijaona mu maelezo ya fabrika yoyote. Mbao zetu zinalala juu ya majiwe nyeusi, zinapita barabara ya vumbi ya lava juu ya chukudu, zile trotineti za mbao, na ule unga wa volkano ya Nyiragongo unaingia mu nyuzi za libuyu mbichi kama mutu aliusugua pale kwa makusudi. Ni jiwe, basi jino inaenda kugonga jiwe. Fraizi yenye ingelikaa miezi inakufa mu juma moja na fundi analaumu duka. Tunapiga kila mbao na brosi ya chuma mbele, mu ncha zaidi, na tunakata ile sentimita ya mwisho ya ncha na musumeno wa zamani kabla fraizi haijagusa. Rulema nayo haipende ule unga. Zenye ziko na kifuniko ya chuma pande mbili, zinaandikwaka ZZ, zinapitisha unga kidogo. Zenye kifuniko ya mupira, 2RS, zinakinga zaidi. Ukiwa na chaguo hapa kwetu chukua za mupira.

Kusafisha: toa rulema kwanza. Utomvu unaganda ku meno na bafundi banachovya fraizi nzima mu petroli ao mu esansi, meno inatoka safi kweli, na rulema inatoka bila grisi. Nyuma ya siku chache inapiga kelele, inashika, inaanza kuzunguka pamoja na meno na inachoma gabari. Rulema unaifuta na kitambaa tu.

Na ikikufa, usitupe fraizi. Rulema ziko na namba na namba ni ya dunia yote. Ile ya ncha ya 12,7, yenye shimo ya 4,76, ni R3. Ya mukia ya robo inchi kwa fraizi ya 12,7 ni R188. Kwa mukia ya 8: 688 ni ya kipenyo 16, 698 ni ya 19, na 608 ni ya 22. Hii 608 utaipata kila mahali, hata kwa batengenezaji ba mashini ndogo za umeme, juu inatumikaka mu bitu mingi. Zingine hapa ni shida, duka za mapiki zinaanzia ku rulema kubwa zaidi, na muuzaji anakuangalia kama umeuliza rulema ya saa ya mukono.

Kwa mutu mwenye iko na dola 60 leo na pensi ya 8, mu nafasi yake ningeenda hivi: feyiri na kamufuko yake ya rulema, ya kuviringa kona ya duara 6, na pesa yote yenye inabakia ku ile fupi ya gabari hata kama ni kungojea mutu atoke safari. Mwenye iko na dola 25 tu achukue kofre, apime zote pale pale ku kontwari, na muuzaji akikukataza kufungua ile plastiki, toka, duka ya jirani iko na kofre ileile. Ya kusawazisha ya ndani ya kofre aitumikishe kwa formika, siyo kwa gabari.

698 ya mupira nimezunguka Birere na Virunga bila kuipata. Mwenye anajua duka ya hapa ao ya Gisenyi yenye iko nayo, anitumie bei na aseme kama ni 2RS kweli ao ni ZZ yenye baliandika tu.